Mwalimu Higgins na Tusi la Eliza

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili alitusimamisha mlangoni baada ya kipindi, akatuuliza: "Mwalimu, bladifuli ni Kiswahili?" Alikuwa ameambiwa hivyo na babu yake, mzee ambaye kwake Kiswahili ni lugha ya askari na matusi. Tulimjibu kwamba neno hilo ni la Kiingereza, tukaenda zetu. Jibu lilikuwa sahihi, lakini lilikuwa fupi mno. Makala haya ni kulipa deni hilo.

Nusu ya kwanza ya "bladifuli" ni neno "bloody". Kwa maana yake ya asili ni "-enye damu", na ndivyo linavyosikika katika Macbeth ya Shakespeare, tamthilia iliyojaa mauaji. Lakini tangu karne ya 17 Waingereza wamelipa kazi ya pili, nayo ni kutia mkazo, kama lifanyavyo neno letu "mno".

Mkazo huo ulitoka wapi? Wako wanaosema kwamba neno hili ni mkato wa kiapo cha kale cha kumtaja Bibi Maria. Hadithi hiyo yapendeza, walakini wataalamu wa lugha wameikataa, kwa kuwa historia ya matamshi na ya matumizi haiiungi mkono. Wengine hulihusisha na kiapo cha damu ya Mungu, kilichokuwa vinywani mwa watu wa enzi ya Shakespeare. Wengine tena huwataja vijana wa kikabaila wa karne ya 17, walioitwa "damu" kwa sababu ya nasaba yao, na waliojulikana kwa ulevi na fujo. Kulewa kama wao kukawa kipimo cha kulewa kupita kiasi. Wataalamu hawajaafikiana.

Tunaloona sisi ni kwamba hata wakiafikiana, asili ya neno haitatueleza kwa nini likawa tusi. Mwaka 1711 Jonathan Swift, mwandishi na padri, alilitumia katika barua kueleza joto la siku, wala hakuona haya. Lakini juzuu ya kwanza ya kamusi kuu ya Oxford, iliyokamilika mwaka 1888, ilieleza kwamba neno hilo halitoki vinywani mwa watu wa tabaka la chini kabisa, na kwamba waungwana huliona sawa na maneno ya aibu. Herufi hazikubadilika. Waliobadilika ni wasemaji waliohusishwa nalo. Neno lilihukumiwa pamoja na watu wake.

Jambo hili hakuna aliyelionyesha vizuri kuliko Bernard Shaw katika tamthilia yake Pygmalion, iliyochezwa London kwa mara ya kwanza Aprili 1914. Profesa Higgins, bingwa wa fonetiki, anamchukua Eliza, msichana muuza maua, amfundishe kusema kama bibi wa kifahari. Baada ya mafunzo ya miezi michache anampeleka nyumbani kwa mama yake kumjaribu mbele ya wageni. Eliza ameagizwa azungumze juu ya hali ya hewa na afya za watu tu. Matamshi yake hayana dosari. Kijana mmoja anamwuliza kama atakwenda kwa miguu kupitia bustanini. Naye, kwa sauti safi kabisa, anakataa kwa neno lile lile. Watazamaji wa mwaka ule walicheka kicheko kirefu, na magazeti yakapata la kuandika.

Wengi hukumbuka kicheko hicho, wakasahau tukio la nyuma yake. Katika sehemu ya pili, Bibi Pearce, mtunzaji wa nyumba, anamwomba Profesa asilitamke neno hilo mbele ya msichana, maana asubuhi ile ile amelitumia kwa viatu vyake, kwa siagi na kwa mkate. Eliza analijua tangu malezini kwa mama yake. Mwalimu wake analijua na husema nalo kila siku. Likiwa kinywani mwa Profesa ni hasira ya msomi, likiwa kinywani mwa muuza maua ni uchafu. Tena Clara, binti wa wageni, anadhani kwamba hayo ndiyo mazungumzo ya kisasa, naye analirudia akiaga. Kwa tukio hilo dogo Shaw anatuonyesha jinsi neno linavyopanda ngazi na kushuka.

Kwa maoni yetu, mzaha wa neno lenyewe ndio sehemu dhaifu ya tamthilia, kwani ulitegemea woga wa watazamaji. Filamu ya mwaka 1938 bado ililibakiza. Lakini watunzi wa My Fair Lady, mchezo wa nyimbo wa mwaka 1956, waliona limepoa, wakampa Eliza neno jingine lililo zito zaidi, na kumpeleka kwenye mashindano ya farasi. Kisichopoa ni picha ya mwalimu. Higgins alifundisha vokali na konsonanti. Hakufundisha neno lipi lasemwa wapi, na nani, mbele ya nani.

Tujaribu kumleta Eliza katika Kiswahili. Mfasiri akitumia "damu" hataeleweka, maana damu kwetu ni undugu na uhai. Akitumia "kabisa" mzaha umekufa. Akiokota tusi la mtaani la kutaja maungo atakuwa amekosea zaidi, kwani Eliza hamtukani mtu. Anatia mkazo tu. Sisi tungemwambia aseme, kwa lafudhi sanifu isiyo na kasoro: "Siendi ng'o!" Neno hili halina mwiko wa lile la Kiingereza, lakini msichana akilitamka mbele ya wazee waliomkaribisha chai, vikombe vitasimama hewani.

Ndugu walimu, hapa Uganda tunalijua jambo hili kuliko wengi. Kiswahili kilitangazwa lugha ya taifa kwa amri mwaka 1973, chini ya utawala wa Idi Amin. Katiba ikakitaja kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005. Hata hivyo wako wazee ambao walikisikia kwanza kwenye kizuizi cha barabarani, kikiamrisha na kutukana. Hatuwezi kuwalaumu kwa kukumbuka waliyotendewa. Lakini lugha iliyohukumiwa kwa vinywa vya wachache haijahukumiwa kwa haki, na hii ni kweli kwa Kiingereza cha bladifuli kama ilivyo kweli kwa Kiswahili cha kizuizini.

Basi mwanafunzi wetu tutamwambia hivi: neno ulilouliza ni la wageni, nalo lina historia ndefu, ye yote akikuuliza asili yake, mweleze bila haya. Kisha msalimie babu yako "Shikamoo", ungoje. Huenda Kiswahili hicho hajapata kuambiwa na mtu.