Mizani, Bibi na Kimtang'ata

Wapo waaminio kwamba lahaja ikishaandikwa kitabuni imeokoka. Kimtang'ata, lahaja ya mwambao ulio kati ya Tanga na Pangani, kilipata kitabu chake mwaka 1956, W. H. Whiteley alipochapisha uchunguzi wake. Kazi ile ina thamani kubwa. Lakini kitabu huhifadhi maneno kama sanduku lihifadhivyo nguo za marehemu: hazipotei, wala hapana azivaaye.

Ushairi hulinda kwa njia nyingine. Tutazame neno "nijile" la washairi wa Mvita. Liandike "nimekuja", kama Kiswahili sanifu kitakavyo: mizani huzidi moja, na kina cha "le" hutoweka. Asahihishaye neno huharibu ubeti mzima. Basi arudhi ni bawabu wa lahaja, maadamu kuna wanaoghani na wanaosikiliza. Utenzi uliofungiwa kabatini hauna la kulinda.

Hapa Pangani inatuhusu. Abushiri bin Salim alinyongwa katika mji huo Desemba 1889, na vita vile Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alivitungia Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, uliochapishwa mwaka 1955 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen. Kuusoma kimyakimya kama habari za historia tu ni kuupunja nusu ya haki yake. Ughaniwe Pangani, na vijana, mbele ya wazee wenye masikio ya Mrima.

Wamaori wa Nyuzilandi walipoona lugha yao inafifia, walianzisha mwaka 1982 vituo vya watoto wadogo viitwavyo "kohanga reo", yaani viota vya lugha, ambamo wazee husema na watoto kwa Kimaori. Kamusi walikuwa nayo tangu karne ya 19; walichokosa ni mtoto wa kuzungumza na bibi yake.

Kwetu, Kiswahili sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja na kusimamiwa na kamati tangu 1930, kimetuunganisha, na hatuombi kiachwe. Twaomba neno moja kwa mwalimu: mtoto asemapo kama bibi yake, asiambiwe amekosea. Aambiwe, "Hivyo ndivyo tusemavyo nyumbani, shuleni twaandika hivi." Na mashindano ya ushairi yaipokee lahaja bila ya kuipunguzia alama. Mtoto aliyefunzwa kumwonea haya bibi yake hatamtungia shairi.