Mavuno ya Kuchelewa au ya Kungojea?

Katika tafsiri moja ya maelezo ya vinywaji, iliyokusudiwa wahudumu wa hoteli na kuletwa mezani petu ili ikaguliwe, divai nyeupe ya Kijerumani ya zabibu za Riesling, iitwayo Spätlese, imepewa jina la "divai tamu ya mavuno ya kuchelewa". Mfasiri ni stadi, na Kiswahili chake chasomeka bila kukwama. Hata hivyo, katika maneno hayo machache mna makosa mawili, na yote mawili yatamfikia mteja.

La kwanza ni kuchelewa. Kwetu sisi mkulima aliyechelewa kuvuna ama ni mzembe, ama ameuguliwa, ama mvua imemfungia njia. Msomaji atadhani divai hii ni hasara iliyookolewa. Kweli, huko Johannisberg, katika bonde la Rhine, husimuliwa kwamba mwaka 1775 tarishi aliyepeleka ruhusa ya kuvuna alikawia njiani, zabibu zikaanza kuoza, na divai yake ikasifiwa kupita zote. Lakini tangu hapo wakulima hungoja kwa makusudi. Na sheria ya divai ya Ujerumani ya mwaka 1971 iliipa Spätlese daraja lake kwa kupima sukari iliyomo katika maji ya zabibu. Kiini cha jina, basi, ni kuiva.

Kuhusu kuiva, tumezoea kukimbilia kamusi za Ulaya ilhali tungeweza kuanzia migombani. Huko Buganguzi, wilayani Muleba, ndizi za pombe hazikamuliwi zikiwa mbichi. Hufukiwa shimoni kwa majani siku kadhaa, au huwekwa juu ya moto jikoni, mpaka wanga ugeuke sukari. Kiswahili kina neno kamili la kazi hiyo: kuvundika. Mmoja wetu alishauri "divai ya zabibu zilizovundikwa", nasi tulikaribia kumkubalia. Halifai. Ndizi huendelea kuiva ikisha kukatwa. Zabibu haiendelei, na sharti ingojewe mzabibuni. Kwa hiyo twapendekeza divai ya mavuno ya kungojea. Anayengoja ana nia, anayechelewa hana.

Kosa la pili ni tamu. Hapa pia Buganguzi yatufaa. Maji ya ndizi yaliyokamuliwa, omuramba, ni matamu, na mtoto huyanywa. Yakitiwa unga wa mtama uliokaangwa na kulazwa, huwa rubisi: sukari imegeuka kileo na utamu umepungua. Mwalimu wa Kagera haelezwi jambo hili mara mbili. Spätlese nazo ziko zilizoachwa chachu imalize karibu sukari yote, hata hazina utamu ulimini. Mteja aliyeahidiwa tamu akaletewa hiyo atamlaumu mhudumu, ambaye hana kosa. Wengine huandika "kavu" kwa aina hiyo, kana kwamba kitu cha majimaji chaweza kukauka ndani ya chupa. Na "kali" humpeleka msomaji kwenye nguvu ya kileo. "Isiyo tamu" yatosha, ingawa haina madaha.

Jambo hili si la wageni peke yao. Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, mkulima akiamua kungojea atahitaji jina la kuandika kwenye chupa, na jina la uzembe litamshushia bei.

Katika nakala hiyo hiyo, ukurasa wa mwisho, rubisi imeitwa "bia ya ndizi". Riesling limeachwa lilivyo kwa heshima ya watu wa Rhine. Watu wa Muleba wamenyimwa heshima hiyo. Tumefuta "bia ya ndizi", tukaandika rubisi, na kuirudisha nakala kwa mfasiri.