Kumpimia Farasi Mdogo Mpandaji Wake

Katika amali zote zinazohusu wanyama wa kupandwa, siijui iliyo njema na iliyonyimwa sifa kuliko ile ya mtu asimamaye penye lango la zizi, akamtazama mgeni aliyekuja kupanda, kisha akageuka kuwatazama farasi wake, na kwa kitambo kidogo akahukumu nani apewe nani. Farasi mkubwa aweza kustahimili hukumu iliyokosewa kidogo. Kwa farasi mdogo kosa lile lile huwa dhuluma, nayo hutendwa juu ya kiumbe asiye na ulimi wa kushtaki.

Haja ya ustadi huu huonekana dhahiri katika Iceland, kisiwa cha kaskazini ambacho watu wake wana aina moja tu ya farasi, wa nasaba ya wale waliovushwa bahari na walowezi wa karne ya 9, na ambacho sheria yake haimruhusu farasi wa kigeni kuingia, wala mzalia aliyekwisha kutoka kurudi. Farasi huyo husimama kiasi cha sentimita 130 hadi 145 penye mabega, na uzito wake aghalabu ni baina ya kilo 330 na 380. Lakini watu wazima humpanda, na majira ya vuli yakifika huenda naye milimani kuwakusanya kondoo waliolisha huko kiangazi kizima. Anao mwendo uitwao tölt, ambao kwato zake hupiga chini moja baada ya moja, pasiwe na wakati ambapo zote nne zimeiacha ardhi, hata mpandaji akakaa ametulia tuli. Utulivu huo ni neema, na ndio pia unaomponza mnyama, kwani aliye juu hasikii taabu yoyote, naye aliye chini ni jasiri wa tabia, mwenye hima ya kwenda, ambaye ataendelea kwenda hali misuli yake imekwisha kuchoka.

Kaida ya kale ya wapanda farasi ni kwamba mzigo wote usizidi sehemu moja katika tano ya uzito wa mnyama. Kwa farasi wa kilo 350 hizo ni kilo 70, nazo si za mwili wa mtu peke yake: tandiko, blanketi, vikuku, viatu vizito na koti la mvua vyote vimo. Basi mtu wa kilo 68 aliyejiona salama mbele ya mizani ya nyumbani kwake amekwisha kuupita mpaka kabla hajatia mguu katika kikuku. Tena farasi aliyenenepa kupita kiasi hahesabiwi kwa unene wake, maana mafuta aliyo nayo ni mzigo wa kwanza anaoubeba.

Wataalamu wa chuo cha Hólar, huko huko Iceland, na wenzao wa Sweden, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, waliwapima farasi 8 katika mwendo huo wa tölt, wakiongeza mzigo kutoka asilimia 20 ya uzito wa mnyama hadi 35. Kadiri mzigo ulivyozidi, mapigo ya moyo yalikwenda mbio zaidi na damu ikaonyesha uchovu wa misuli. Hatua zikawa fupi na za haraka zaidi. Lakini hawakuchoka sawasawa, na hapo ndipo ninapousifu ustadi, kwa kuwa hesabu hutoa mpaka, na jicho ndilo limjualo farasi huyu mmoja.

Jicho hilo hutazama kiuno kwanza, kwani kiuno kipana hubeba vizuri kuliko chembamba. Hutazama urefu wa mgongo, kwa sababu tandiko halipasi kuupita ubavu wa mwisho, na mtu mwenye nyonga kubwa huhitaji tandiko refu ambalo mgongo mfupi hauna pa kuliweka, hata kama mizani imemkubali. Humtazama na mtu mwenyewe: mwanagenzi ayumbaye huku na huku akining'inia kwenye hatamu humtesa mnyama kuliko mjuzi aliyemzidi kilo kadhaa, kama shehena isiyofungwa inavyokisumbua chombo baharini. Farasi hana mtulinga. Kifua chake kimetundikwa baina ya miguu ya mbele kwa misuli na kano tupu, na kila myumbo huishia hapo.

Safari ikiisha, tandiko huondolewa taratibu na jasho hutazamwa. Manyoya yaliyolowa sawasawa ni habari njema; doa kavu katikati ya majimaji, ukubwa wa kiganja, ni dalili ya mahali palipobanwa mno. Kisha vidole hupitishwa kando ya uti wa mgongo, kutoka mabegani hadi kiunoni, kwa kubonyeza kidogo, na ngozi ikishtuka au mgongo ukididimia kuukimbia mkono, farasi huyo hatandikwi kesho.

Watu wa Lamu hawahitaji kuelezwa sana haya, kwani punda wao hubeba mchanga na mawe kwa shogi, nao hupandwa vilevile. Hospitali ya punda iliyofunguliwa huko mwaka 1987 imewatibu wengi wenye vidonda vya mgongoni.

Lililo gumu kuliko yote ni kumkataza mtu. Mgeni amekuja kutoka mbali, ana fedha mkononi, na mwili wake si jambo apendalo kujadiliwa mbele ya watu. Ndiyo maana wengi wenye mazizi hunyamaza, wakamwachia farasi kulipa gharama ya haya yao. Mimi nasadiki kwamba staha ya kweli ni kuutangaza mpaka mapema, mizani ikawekwa mahali pa faragha, kila mtu akapimwa pamoja na tandiko lake kabla fedha haijapokewa, na asiyefaa akapewa farasi mkubwa zaidi, au gari la kukokotwa, au, visipokuwapo vyote viwili, matembezi ya miguu kando ya farasi yule yule aliyemtamani, hatamu ikiwa mkononi mwake.