Mkesha wa Hadithi za Kutisha huko Simi-Simi

Jioni ya kuamkia sikukuu ya Watakatifu Wote tulialikwa Simi-Simi, hapa Kisangani. Jamaa za mtaa zilikusanyika kusikiliza hadithi za kutisha. Wazazi waliketi vitini, watoto mikekani, na mishumaa iliwaka ndani ya maboga yaliyotobolewa macho. Twapenda kuwaambia lililotufurahisha, na moja lililotuumiza.

Desturi hiyo yenyewe hatuilaumu. Jina lake, Halloween, maana yake ni mkesha wa Watakatifu. Watu wa Ireland walichonga nyuso katika mizizi minene. Walipohamia Marekani wakakuta maboga, ambayo huchongwa kwa urahisi. Na wazee wetu wa mtoni hawakungoja mgeni awafundishe kusimulia usiku.

Wa kwanza kusimulia alikuwa mzee mvuvi. Mtu mmoja, alisema, alisikia ngoma ikimwita kutoka kisiwa kisicho na watu. Mzee alishusha sauti, akapiga ubao kwa vidole, akanyamaza. Watoto walishika nguo za mama zao. Lakini kwa Walokele jina la ngoma la mtu hufuatwa na la baba yake. Mzimu ulijua jina la kwanza tu. Mke wake alipopiga majina yote mawili, yule mtu alitambua wanaomwita kweli, akageuza mtumbwi. Watoto wakapumua, wakacheka.

Kisha akasimama kijana mwenye kinyago. Yeye alisimulia habari za mtoto ndoki aliyewala wazazi wake usiku, hata jirani wakamfukuza kwa fimbo. Watu walipiga makofi. Kijana alisimulia kwa ustadi mkubwa, na ndiyo sababu twamlaumu zaidi.

Kwa nini? Mzimu wa mzee ulibaki kisiwani. Ndoki wa kijana ana sura ya mtoto, na watoto wamo katika kila nyumba. Baba akifa, au kazi ikikosekana, kuna wanaomtazama yatima anayelelewa kwao na kuikumbuka hadithi kama hiyo. Katika miji yetu wako watoto waliofukuzwa kwao na kulala barabarani kwa sababu ya neno hilo. Katiba ya nchi yetu ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kuwa mchawi, na sheria ya 10 Januari 2009 ya kumlinda mtoto yaweka adhabu.

Hatusemi hadithi za kutisha ziachwe. Hofu inayokwisha pamoja na hadithi humfundisha mtoto ushujaa. Lakini enyi wazazi mnaotayarisha mikesha hii, sikilizeni hadithi kwanza, ninyi wenyewe, kabla ya kuwaita watoto. Mkiona mwishoni mtoto anafukuzwa na watu wanashangilia, mwambieni msimulizi atafute nyingine. Na ikiwa mliisikia ile ya Simi-Simi, zungumzeni na watoto wenu leo, hasa yule ambaye hamkumzaa.