Wimbo Uliopata Kura Tatu

Kila mwaka mataifa ya Ulaya hushindana kwa nyimbo, na sheria ya mashindano hayo yakataza maneno ya siasa. Nami nasema ya kuwa sheria hiyo haiwezi kutimiza kusudi lake, maana hukagua maneno ya mwimbaji, wala haimkagui msikiaji.

Tarehe 6 Aprili 1974, huko Brighton katika Uingereza, Mreno Paulo de Carvalho aliimba "E depois do adeus", yaani "Na baada ya kuagana". Ni wimbo wa mapenzi yaliyokwisha. Hauna neno la serikali wala la vita. Si wimbo mbaya: huanza kwa upole, kisha hupanda kwa kishindo cha vinanda, labda kishindo kupita kiasi. Ukapata kura 3 tu, ukawa mkiani pamoja na nyimbo nyingine tatu.

Siku zile Wareno walitawaliwa kwa mkono mgumu, wasiweze kusema watakayo, na vijana wao walipelekwa kupigana Msumbiji, Angola na Guinea. Wakimbizi wa vita hivyo walivuka mto Ruvuma kuja kwetu. Hata maofisa wa jeshi wakachoka, wakafanya shauri la kuipindua serikali, wakatafuta ishara itakayosikiwa kambini pasipo kumshtua mtu. Basi tarehe 24 Aprili, saa tano kasoro dakika tano usiku, redio moja ya Lisbon ikaupiga wimbo ule wa kura 3. Waliojua wakajiweka tayari. Baada ya saa sita Rádio Renascença, redio ya Wakatoliki, ikapiga wimbo wa pili, nao wakatoka. Jioni ya tarehe 25 Waziri Mkuu Caetano alikuwa amekwisha kusalimu amri. Na tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikapata uhuru. Mkaguzi wa serikali angaliusoma wimbo ule mara mia asione kosa, na kwa sababu hiyo hiyo ulifaa.

Sasa tazama wakaguzi wa mashindano. Mwaka 2009 waliukataa wimbo wa Georgia, kwa kuwa ulilichezea jina la Putin. Mwaka 2016 wakamruhusu Jamala wa Ukraine kuimba habari za Watatari waliofukuzwa Crimea mwaka 1944, wakisema si siasa, naye akashinda. Mimi pia ningalimruhusu, tena kwa furaha. Lakini Urusi ilikuwa imeitwaa Crimea miaka miwili tu kabla yake, na sidhani kwamba palikuwa na Mtatari hata mmoja aliyeusikia wimbo ule kama habari ya mwaka 1944 peke yake.