Sifa za Fundi Achaguaye Mpira

Ukitaka kumpima fundi wa magari, usimtazame akishusha injini. Mtazame anapochagua mpira wa mafuta, kipande kifupi kinachouzwa kwa kukatwa na ambacho mwenye gari hatakiona tena.

Huku Karagwe na Kyerwa, kuanzia Rugu hadi Murongo, gari halistaafishwi kwa sababu ya umri. Land Rover za zamani, Hilux za kabureta na Land Cruiser kuukuu za dizeli zingali na kazi maadamu zinawaka. Chuma chake kimevumilia. Raba haina uvumilivu huo: joto la injini huikausha, makorongo huitikisa hadi ipasuke, na mafuta huidhoofisha kutoka ndani, pasipoonekana.

Fundi hodari haanzi na kipenyo. Huuliza kwanza mpira utapitisha nini, kwa presha gani na karibu na joto kiasi gani. Dukani mipira hufanana, yote myeusi, yote ina nyuzi. Lakini mpira wa maji ya rejeta aghalabu ni wa raba ya EPDM, ambayo hustahimili maji ya moto na kushindwa na petroli. Huvimba, hulainika, na chembe zake huenda kuziba jeti za kabureta. Mpira wa plastiki unaoonyesha ndani nao hupendeza siku ya kwanza, kisha hukakamaa na kupasuka.

Kwa hiyo fundi husoma maandishi ya ubavuni. SAE J30 R6 au R7 ni mpira wa presha ndogo, wa kabureta na njia ya kurudishia mafuta. R9 umetengenezewa injini za EFI, ambako pampu husukuma kwa bar 3 hivi. Pampu ya kabureta kwa kawaida haifiki nusu bar. Utando wa ndani wa R9 huhimili pia ethanoli, na ethanoli si habari ya mbali. Jirani zetu wa Malawi wameichanganya na petroli tangu 1982. Uingereza nayo ilipoleta petroli ya E10 mwaka 2021, wenye magari mengi ya zamani walishauriwa wasiitumie, kwa kuwa raba zake hazikutengenezwa kwa mchanganyiko huo. Mpira usio na maandishi, fundi makini huurudisha rafuni.

Dizeli ina ujanja wake. Mpira uliopasuka kati ya tangi na pampu pengine haumwagi hata tone, kwa sababu pampu inavuta: badala ya mafuta kutoka, upepo huingia. Asubuhi gari linagoma kuwaka, tajiri analaumu betri, na anayebahatisha anatoa upepo kila siku. Fundi wa kweli huufuata mpira kwa vidole, inchi kwa inchi, hadi aufikie ufa.

Kufunga nako kuna adabu. Hukata kwa kisu kikali, mkato ulionyooka. Huchagua klipu yenye mkanda laini, kwa maana ile yenye matundu, ikikazwa mno, huila raba. Waya wa kufungia haugusi kabisa. Huupitisha mpira mbali na egzosi, na panapotobolewa bati huweka raba ya kinga. Kisha huwasha injini, hufuta kila kiungio kwa kitambaa kikavu, hunusa na kutazama tena injini ikiwa ya moto.

Kazi yote hiyo haina mtazamaji, na aliyeifanya vibaya hulipwa sawa na aliyeifanya vizuri mpaka siku gari litakapowaka moto. Ndiyo maana naiita ufundi wa uaminifu, nami nauweka juu ya ule wa kufungua injini.

Mwenye gari, wahenga walisema rahisi ghali. Mwambie fundi akuonyeshe maandishi ya mpira kabla hajaufunga, kisha umlipe bila kunung'unika.