Sifa za Mvuvi wa Nzoia

Watu wa pwani wamejaliwa ufasaha wa kuzisifu kazi zao. Fundi wa majahazi, mchonga milango, mshona kofia na nahodha ajuaye nyota wote wana nafasi katika mashairi na katika mazungumzo ya barazani, na sifa hizo wanazistahili. Lakini mvuvi wa mtoni, yule wa bara, aketiye juu ya ukingo wa udongo na ufito mkononi, akiyakabili maji mekundu yasiyoonyesha kilichomo ndani yake, hajapata msemaji wa kutosha, wala pengine hajui kwamba anastahili msemaji. Insha hii nimemkusudia yeye, na hasa mvuvi wa Ekero, jirani na Mumias katika kaunti ya Kakamega, ambaye mto wake ni Nzoia, na ambaye msimu wake mzuri, kwa hukumu yangu, ni mwisho wa vuli.

Nzoia hutoka katika vilima vya Cherangani, hupokea maji ya mlima Elgon, hukusanya mvua ya nchi inayokaribia kilomita za mraba 13,000, huanguka kwa kishindo kwenye maporomoko ya Nabuyole huko Webuye, kisha hutulia na kupita katika nchi ya Wawanga kabla ya kuteremka Budalang'i na kuingia katika ziwa Viktoria. Nchi hiyo ya Wawanga ndiyo iliyokuwa dola ya Nabongo Mumia, aliyefariki mwaka 1949, na kwake ndiko misafara ya pwani ilikokuwa ikitua mizigo na kupata chakula kabla ya kuendelea na safari ya Uganda. Joseph Thomson alifika huko mwaka 1883, na Askofu Hannington akapita mwaka 1885 akielekea Busoga alikokutana na mauti yake. Misafara ilikwisha zamani, lakini iliacha msikiti, kanzu na Kiswahili. Ndiyo maana mvuvi wa Ekero, ijapokuwa nyumbani huzungumza Kiwanga, hutaja ndoana, mshipi na chubwi bila kujiona kuwa ameazima cha mtu.

Mwaka wa mto haufanani na mwaka wa kalenda. Masika huujaza mto kuanzia Aprili, mvua za Agosti huutia nguvu tena, na vuli ya Oktoba na Novemba huupandisha kwa mara ya mwisho, ingawa si kwa ghadhabu ile ya masika. Wakati wote huo wa mafuriko samaki hutawanyika: maji yanapovunja kingo na kuingia katika majani ya mabondeni, nao huingia humo kutafuta chakula na mahali pa kutagia, na mvuvi wa ndoana aliyesimama ukingoni huwa hana analolijua ila kwamba riziki yake imekwenda malishoni. Lakini ifikapo Disemba, mvua zikiwa zimechoka, mto huanza kujivuta; maji huyaacha majani, huiacha michanga, hurudi katika njia yake ya asili, na kila kiumbe kilichokuwa mbali hulazimika kurudi nayo. Hapo ndipo samaki wa eneo pana hukusanyika katika vilindi vichache, na hapo ndipo ujuzi wa mtu mmoja mwenye ufito mmoja huwa na thamani.

Nimesoma kwamba huko Amerika ya Kaskazini, katika mito mikubwa kama Mississippi na Missouri, wako wavuvi wanaoungoja mwisho wa majira yao ya kupukutika majani kwa hamu ile ile, wakiwatafuta samaki waitwao walleye na sauger, ambao macho yao yana utando wa ndani unaorudisha mwanga, hata wakaweza kuwinda wakati wa magharibi na katika maji ya tope. Kule kinachowakusanya samaki vilindini ni baridi. Huku kwetu ni kupungua kwa maji. Lakini nadhani mvuvi wa kule na mvuvi wa Ekero, wakikalishwa ukingoni pamoja bila mkalimani, wangeelewana kwa kutazamana mikono, kwa sababu wote wawili wamejifunza elimu moja, nayo ni elimu ya kujua mahali pa kungoja.

Elimu hii ndiyo kiini cha kazi, na juu yake ningependa nikae kidogo. Mtu asiyejua hudhani kwamba uvuvi ni kutupa ndoana majini na kumwachia Mungu yaliyobaki. Mjuzi akifika mtoni hatupi kitu. Husimama kwanza akautazama mto kwa muda ambao mwenzake mwenye haraka atauita uvivu, naye katika kutazama kwake huisoma sura ya maji kama msomaji wa Qur'ani anayejua pa kuvuta na pa kusita. Mahali mto unapopinda, anajua kwamba ukingo wa nje umelika na una kina, na kwamba ule wa ndani ni mchanga usio na makazi. Mahali mti ulipoanguka, mkondo hupasuliwa, na nyuma ya shina hubaki maji ya kimya ambamo samaki hupumzika bila kupoteza nguvu, huku chakula kikimpitia mbele ya pua. Mstari wa povu unaoelea katikati humwonyesha mpaka wa maji ya kasi na maji ya pole. Na mahali kijito kinapoingia, mathalani Lusumu, mto unaojiunga na Nzoia, maji mawili yasiyo na rangi moja hutembea bega kwa bega kwa kitambo kabla ya kukubali kuchanganyika, na katika mpaka huo aghalabu kuna kitu kinachowinda. Akishayaona hayo hutupa jani kavu alione linavyokwenda, linaposita, linapozunguka. Kisha hushusha chubwi tupu, bila chambo, apime kina na aisikie sakafu: tope humeza chubwi, mchanga huliburuta, jiwe huligonga, na mkono uliozoea hupambanua hayo yote kupitia uzi mwembamba wa nailoni. Ni baada ya hapo tu ndipo hufungua kikopo cha chambo.

Na chambo nacho kina hikima yake, kwa maana samaki wa Nzoia hawana tabia moja. Mumi, ambaye Watanzania humwita kambare, ni mtu wa usiku na wa chini. Ana jozi nne za sharubu ambazo kwazo hupapasa na kuonja tope, macho madogo aliyopewa hayamsaidii sana, na kwa sababu hiyo hufuatwa kwa harufu. Utumbo wa kuku, ambao katika nchi ya Kakamega haukosekani kwa kuwa mgeni hakaribishwi bila kuku, huwekwa sakafuni mwa kilindi jua linapotua, na wengine huapa kwamba kipande cha sabuni ya kufulia hushinda utumbo. Mumi hauchukui kwa pupa. Huugusa, huuacha, huurudia, kisha huondoka nao taratibu, na mvuvi mbichi ambaye huvuta kwa mguso wa kwanza huambulia ndoana tupu. Fwani ni kinyume chake. Yeye ni samaki wa magamba makubwa na mwili wa nguvu, apendaye maji yaendayo mbio juu ya mawe. Kwake nyungunyungu aliyechimbwa chini ya migomba huachwa aelee na mkondo, na fwani akimtaka humchukua mara moja na kukimbia, hata ufito ukapinda na mtu aliyekuwa amesinzia akaamka kwa hofu. Kumbikumbi nao, watokao ardhini baada ya mvua na kukusanywa na watoto kwa ajili ya kula, ni chambo kisicho na kifani maadamu mvuvi amewahi kuwaomba kabla hawajakaangwa.

Sijamsifu bado kwa subira yake, nami nimeiacha kwa makusudi, maana subira husemwa mno juu ya wavuvi hata ikadhaniwa kwamba ndiyo kazi yenyewe. Mjinga naye huweza kungoja. Ninachokistahi mimi kwa mvuvi wa Ekero ni kwamba kungoja kwake kumejaa hesabu: anajua mvua iliyonyesha juzi Kitale itamfikia lini, anajua rangi ya maji ikigeuka asubuhi ina maana gani jioni, na anajua kilindi kilichompa samaki mwaka jana kinaweza kuwa kimefukiwa mchanga mwaka huu, kwa hiyo hakirudii kwa mapenzi bali kwa uchunguzi.

Pamoja na hayo, ufito na ndoana ni sehemu ndogo ya ustadi uliokuwapo katika mto huu. Wazee wa Nzoia walikuwa wajenzi. Walisimamisha nyuzio za miti na matete kukata mto, wakaacha milango, na katika milango hiyo wakatega migono iliyosukwa kwa fito, mingine ikielekezwa kuwapokea samaki wapandao na mingine washukao kutoka mabondeni maji yanapokauka. Ilikuwa kazi ya jamaa nzima, yenye wenye haki ya mahali na zamu zao, na ililazimu mjenzi ajue nguvu ya mto kabla haujajaa, kwani uzio mbovu huenda na mafuriko ya kwanza. Samaki aliyeistahili kazi hiyo alikuwa ningu. Ningu huishi ziwani, lakini mvua zikinyesha huiacha maskani yake, huingia katika mito na kupanda kwa makundi makubwa, hutaga katika majani yaliyofunikwa na maji, kisha hurudi ziwani, na wanawe humfuata baadaye. Watu wa mto walikuwa wakimngoja kama wakulima wanavyoingoja mvua, na kwa kweli alikuja pamoja nayo.

Kisha mwaka 1905 nyavu za makila, zile zinazomnasa samaki kwa mashavu, ziliingizwa katika ghuba ya Nyanza. Zilikuwa chombo cha ajabu, na hakuna awezaye kumlaumu mvuvi wa ziwani kwa kuzipenda. Michael Graham, aliyelikagua ziwa mwaka 1927 na 1928, aliona mapema hatari ya matundu madogo, akashauri yasipungue inchi 5 kwa ajili ya kumhifadhi samaki aitwaye ngege. Lakini kwa ningu hatari kubwa ilikuwa katika mahali pa kutega zaidi ya ukubwa wa tundu. Nyavu zilitandazwa mbele ya midomo ya mito wakati ule ule samaki walipokuwa wakijikusanya, matumbo yamejaa mayai, tayari kupanda. Na samaki aliyenaswa hapo hakutaga, wala hakuwa na wa kumfuata mwaka uliofuata. P. J. P. Whitehead aliandika habari za uvuvi wa mito ya Nyanza mwaka 1959, na mwaka 1965 D. A. Cadwalladr alichapisha makala ambayo kila apendaye kazi za mikono angefaa aijue, kwa sababu ndani yake aliyaweka mambo mawili pamoja: kupungua kwa ningu wa ziwa Viktoria, na kuharibika kwa mbinu za kienyeji za uvuvi katika mto Nzoia. Samaki walipoacha kuja, mtu hakuona sababu ya kukata miti na kusuka migono kwa ajili ya maji matupu. Kijana ambaye hakuuona uzio ukijengwa hakuweza kuujenga. Na ujuzi uliochukua vizazi vingi kukamilika ulitoweka katika muda usiozidi umri wa mtu mmoja.

Juu ya hayo mto wenyewe umebadilika. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilianza kazi mwaka 1974 na kwa miaka mingi maji yake machafu yalishuka Nzoia. Kiwanda cha sukari cha Mumias kilikuwa kimeanza mwaka mmoja kabla yake, na miwa ikaenea hata karibu na kingo. Mashamba ya juu humwaga udongo kila masika, na wachota mchanga huchimbua sakafu ya mto palipokuwa na vilindi. Mvuvi wa leo husoma kitabu kilichochanwa kurasa. Na bado anasoma. Jioni za Disemba utawakuta, wazee kwa vijana, wameachana kwa staha ili mishipi isigombane, na kijana akitaka kuvuka mbele ya mzee husema kwanza, "Kuka, naomba nipite," yaani babu, naye mzee huinua ufito wake ampishe, na asipokuwa na samaki wa kumwonyesha humwonyesha mahali.

Huko Uganda, watafiti wamefaulu kumzalisha ningu kwa mkono wa binadamu na kumlea katika mabwawa, na habari hiyo inanifurahisha kwa dhati, kwa kuwa samaki aliye hai bwawani ni bora kuliko samaki asiyekuwapo. Hata hivyo bwawa halina mkondo, halina msimu wa kupanda wala wa kushuka, na hakuna mgono unaohitajika ndani yake. Ikiwa tunautaka ule ustadi wa nyuzio urudi Nzoia, hali wazee walioshika fito zake wakiwa wachache mno, jambo la kwanza si shule wala maonyesho. Ni kuwaondolea samaki nyavu mdomoni mwa mto huko Budalang'i katika majuma ya mvua za kwanza, wapite na mayai yao, wapande hadi huku, na mjenzi wa Ekero awe na samaki wa kumjengea uzio.